Chumba cha Kunyonyeshea, Nyuma ya Utepe

Jumatatu, 3 Machi
Dukani mpaka jioni. Kuuza asali siku nzima, mikono inanata hata baada ya sabuni. Nimempitia mwanangu Kalunde kwa wifi Nyamizi, tumeenda wote watatu chuoni kama kawaida. Wifi anakaa naye barazani, mimi ndani. Akilia natoka, nanyonyesha, narudi.

Leo mvua. Bati la darasa letu la jioni likianza kupigwa, mwalimu hasikiki. Akahamia ubaoni, umeme ukakatika. Basi. Kalunde kalowa miguu.

Ng'ambo ya uwanja jengo jipya linawaka taa, lina jenereta lake. Limejengwa kwa ajili yetu, watu wazima wenye kazi, ndivyo tulivyoambiwa. Viti laini, feni, mpaka chumba cha kunyonyeshea. Lilikamilika kabla ya Krismasi. Limefungwa. Utepe mwekundu mlangoni, viti bado na nailoni zake. Linamsubiri mgeni rasmi aje kuzindua.

Jumatano, 5 Machi
Nina hasira. Madam Pendo, mlezi wa wanafunzi, katangaza jaribio la uhasibu Alhamisi ijayo. Anayekosa anarudia mwaka. Na watoto marufuku, hata barazani, eti wanasumbua wenzao. Nikamwambia Kalunde chupa hashiki, nimejaribu kila namna. Nikaomba kile chumba.

"Mwanangu, jengo halijazinduliwa."

"Sasa Madam, na njaa ya mtoto nayo isubiri kuzinduliwa?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi
Mgeni rasmi kaahirisha tena. Wamepiga deki jengo tupu. Tupu!

Jumapili, 9 Machi
Baba Kalunde kaja kutoka Ipole, amewaacha nyuki wake siku mbili. Anasema, "Mama Kalunde, pumzika mwaka huu. Chuo hakihami." Nimempakulia ugali. Chuo hakihami, ndiyo. Ninayehama ni mimi: dukani, jikoni, darasani. Nikiacha sasa sirudi. Najijua. Akija mtoto wa pili ndiyo imetoka hiyo.

Baadaye akambeba mwanawe, akamwimbia Kinyamwezi mpaka akalala. Hasira ikapungua. Kidogo.

Jumanne, 11 Machi
Nimeona kwa macho yangu. Nilizunguka nyuma ya jengo kutafuta mahali pa kumnyonyesha. Mlango wa nyuma wazi. Mkuu wa tawi letu la chuo keshahamia zamani! Meza, mapazia, kiyoyozi kinavuma, mhudumu anapeleka chai. Utepe hawaukati, wanauzunguka. Mbele heshima ya mgeni, nyuma wanaishi. Sisi tunalowa. Nikamnyonyesha Kalunde nimesimama, pembeni ya mlango ule.

Alhamisi, 13 Machi
Siku ya jaribio. Nimefika mapema na wifi. Mlinzi, Mzee Maganga, kakaa mlango wa nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Na mtoto, mnakwenda wapi?"

"Chumba chake."

"Utepe hujauona?"

"Nimeuona. Uko mbele."

Akanitazama. Akamtazama Kalunde. Akasema ngoja akaangalie geti, akaondoka polepole, hakugeuka.

Chumba kimejaa kreti za soda za sherehe na masufuria. Tukavitoa koridoni, kwa kelele, sikujali. Nikachana nailoni ya kiti. Sauti ile ilinipa raha. Nikamnyonyesha, nikawaacha, nikaenda darasa la bati.

Katikati ya jaribio wifi akatokea dirishani. Nikasimama, nikaomba ruhusa ya kwenda msalani, maana hiyo haijakatazwa. Madam Pendo alijua. Naapa alijua. Akasema, "Usichelewe."

Nimenyonyesha, nimerudi, nimejibu yote isipokuwa la mwisho.

Ijumaa, 14 Machi
Mkuu wa tawi kaniita. Eti nimevunja itifaki. Nikamuuliza, "Samahani mkuu, wewe uliingilia mlango gani?" Akasema tutaona.

Sikuomba radhi. Siombi. Nimefika nyumbani nimelia, hasira tu, Kalunde ananishika pua.

Jumatatu, 17 Machi
Hawajaniita tena. Jaribio nimefaulu. Utepe upo palepale, somo bado darasa la bati.

Kabla ya kipindi nimepita nyuma. Mzee Maganga kanyanyua miguu tupite. Chumbani nimemkuta Rehema, anayekaa dawati la nyuma yangu tangu muhula uanze, anafungua mbeleko. Mtoto wa kiume, mnene, kope ndefu. Sikujua ana mtoto. Alikuwa akimwacha kwa jirani, maziwa akiyakamulia chooni.

Nikakaa kando yake, nikamnyonyesha Kalunde. Watoto walipomaliza kunyonya, wifi Nyamizi akawapokea wote wawili, tukaenda darasani.