Nilivyoanguka Katika Baa ya Mwaka 1812

Barabara ya Garth Gap,
Virginia.

23 Oktoba 2024

Mpendwa binamu yangu Lorena,

Ifahamike kwa jamaa wote, walio karibu na walio mbali, walio hai na wale wanaojifanya wamekufa ili wasijibu barua, kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na mbili mwezi huu, saa sita kamili mchana, mimi Clement Burruss niliketi mezani katika Baa ya Kale ya Gillum nikiwa mgeni mwenye tiketi, nikaletewa kuku wa kukaanga kwenye sahani ya bati. Tangazo limekwisha. Mnaweza kuketi.

Hujambo lakini? Goti lako linasemaje, na huko Oregon mvua imewapa nafasi ya kuanika hata soksi? Emory naye ameacha kupanda paa, au bado anaamini ana miaka thelathini? Sisi huku tunaendelea. Majani yamegeuka mekundu mlimani na watalii wamejaa barabarani, wanaendesha kama wanaosindikiza maiti.

Maua yako yamefika, pamoja na ile kadi ya malaika. Nimeyaweka kwenye ndoo kwa sababu ni mengi kuliko chombo chochote nilicho nacho. Kuhusu afya yangu, ambayo umeiulizia mara tatu katika ukurasa mmoja, nitafika huko. Niache nipite njia ndefu kidogo. Unanijua.

Unakumbuka kwamba kwa miaka kumi na tisa mimi ndiye niliyekuwa mwenye baa pale Gillum, chini ya kilima penye nyumba ya Rais wa zamani, ambayo sasa ni makumbusho. Suruali ya kuishia magotini, soksi nyeupe, aproni ya kitani, na tumbo ambalo sikuhitaji kuliazima popote. Watalii wakimaliza kutazama kitanda cha Rais na wino wa Rais huko juu, walishuka kwangu kula kunde, sukumawiki na mkate wa mahindi, nami niliwauliza habari za barabara na kama farasi wao wamekunywa maji. Pale ni mwaka 1812 kila siku isipokuwa Jumanne, ambapo tunafunga. Aliyevaa nguo za zamani hajui simu, hajui ndege, hajui choo cha kuvuta maji. Akijisahau mbele ya wageni, tunasema amevunja mwaka. Akiuvunja mara tatu, anavua nguo na kwenda nyumbani.

Mimi sikuuvunja hata mara moja. Nililala tu.

Ilikuwa Januari mwaka jana, nyumba ya Rais imefungwa, nami nimetumwa kukagua mabomba yasigande. Mgongo ulikuwa unaniuma, Lorena. Kile kitanda kiko pale na mablanketi yake, Rais mwenyewe hakihitaji tena. Nikasema dakika kumi. Zikawa saa mbili. Nilipoamka nilikuta nimefunikwa koti la Dabney Maupin, na Dabney mwenyewe amekaa dirishani anamenya karanga.

Dabney ndiye kijana niliyemfundisha kazi. Nasema kijana, ana miaka arobaini na moja. Kuinama kwake mbele ya wageni ni kuinama kwangu. Hata kile kikohozi anachokohoa kabla ya kutaja bei ya chumba ni changu, nilikipata kwa homa ya mapafu. Sikukuu mbili za Shukrani, zile za bata mzinga, amekula mezani kwangu. Siku ile alicheka, akanisaidia kushuka kitandani, akaniapia kwamba hajaona kitu.

Wiki iliyofuata Bi Thornhill, msimamizi wetu, aliniita ofisini, akaniuliza kwa upole kama ninavijua viatu vilivyoacha tope kwenye shuka la mwaka 1809. Nilivijua. Nilikuwa nimevivaa. Kufikia mchana nilikuwa raia wa kawaida, na kufikia Jumatatu Dabney alikuwa ndani ya aproni yangu, ameikunja mara mbili kiunoni maana yeye hana tumbo.

Basi binamu, kwa miezi ishirini sikuwa na kazi nyingine ila kumchukia. Nilimchukia nikipiga mswaki. Nilimchukia nikilisha mbwa. Kanisani, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilikuwa nakohoa. Na chuki ikikaa muda mrefu na mtu asiye na ratiba, inaanza kupanga mambo.

Nilijua amekwisha uvunja mwaka mara mbili. Mara ya kwanza simu ililia ndani ya suruali yake katikati ya sala ya chakula. Mara ya pili alimwelekeza bibi mmoja kwenye egesho la mabasi. Nilijua pia kwamba Jumamosi saa sita Bi Thornhill husimama karibu na moto na daftari lake. Nikanunua tiketi, nikavaa fulana ya manjano yenye picha ya samaki ili nionekane mtalii kabisa, nikapanda kwanza nyumba ya Rais na kundi la watu kutoka Ohio. Mtembezaji alituonyesha kile kitanda. Kimezungushiwa kamba nyekundu siku hizi. Akasema kamba hiyo imewekwa kwa sababu ya tukio fulani, wote wakanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa nimejibu, “Lilikuwa tukio dogo.”

Kule chini nilikaa meza ndefu ya kati. Dabney akaja, akainama, kuinama kwangu kulekule, akaniuliza nimesafiri kutoka wapi.

“Kutoka kwangu,” nikamwambia. “Unapajua. Umekula bata mzinga wangu mara mbili.”

“Uniwie radhi, bwana msafiri,” akasema, bila kupepesa. “Wapitao hapa ni wengi, na bata wote hufanana wakishaliwa.”

Watu wa Ohio wakacheka. Nikamuuliza habari za vita, za Ikulu, za timu ya besiboli. Besiboli akasema hajapata kukutana na bwana huyo. Nikamuuliza saa ngapi, nikitumaini atatazama mkono. Akatoka hadi mlangoni kutazama jua. Nilimfundisha vizuri mno, na hilo liliniuma kuliko yote. Mwisho nikapaza sauti ili meza nzima isikie.

“Niambie basi, bwana mwenye baa. Mtu akilala kwenye kitanda kisicho chake, na rafiki yake akamchongea, siku hizi nani huadhibiwa?”

Akakohoa kile kikohozi. Akasema, “Inategemea, bwana, kama alivua viatu.”

Walicheka hadi mzee mmoja akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Bi Thornhill aliandika kitu, na kwa uso wake lilikuwa jambo zuri. Nikashika kuku wangu. Nadhani hata damu yangu ilikuwa imegeuka nyongo, ya manjano kama ile fulana. Na dakika tatu baadaye, kama ulivyosikia kwa dada yako, kama kanisa zima lilivyotangaziwa, nilishika kifua, nikaanguka kutoka kwenye benchi na sahani yangu.

Sasa Lorena, kaa chini. Kama Emory yuko juu ya paa, mshushe kwanza.

Sikuzimia. Kifua changu hakikuwa na chochote ila kunde. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuanguka wiki mbili sebuleni, juu ya godoro, mbwa akinilamba uso kwa kudhani nimekufa kweli. Yale maswali yalikuwa ya kupasha moto tu. Huu ndio ulikuwa mpango wenyewe, na nakwambia ulikuwa mzuri.

Pale kaunta kuna kengele ndogo ya shaba. Mgeni akiugua, aliyevaa nguo za zamani hamgusi. Anapiga kengele, anabaki ndani ya mwaka wake, na mtu wa fulana ya kijani anaingia na sanduku la huduma ya kwanza. Sheria hiyo nilimfundisha Dabney mimi mwenyewe, siku yake ya kwanza kazini. Kwa hiyo nilipiga hesabu hivi: akipiga kengele na kuendelea kutabasamu, watu sitini watamwona ni mtu wa namna gani. Asipopiga, amevunja mwaka mara ya tatu mbele ya daftari la Bi Thornhill. Kokote atakakogeukia, nimempata.

Hakuitazama hata hiyo kengele. Aliruka meza. Niliisikia ikipinduka, na ile mitungi ya juisi ya tofaa ikimwagika. Akapiga magoti juu ya sahani ya bati na vipande vya kuku, akapiga kelele mtu aite ambulensi, akataja simu, akataja hospitali, akataja dawa yangu ya presha kwa jina lake kamili na nambari ya miligramu. Karne mbili zote alizivunja kwa pumzi moja.

Ningeweza kufumbua macho hapo. Nilikuwa nimekwisha pata nilichokijia. Lakini aliinamisha uso karibu na sikio langu, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya nyumbani kwangu sikukuu:

“Ni mimi niliyekuchongea, Clem. Bi Thornhill aliniuliza tope limetoka wapi, ningeweza kusema sijui. Niliitaka ile aproni. Usife kabla sijakwambia.”

Nami nikabaki nimefumba macho. Hii ndiyo sehemu ambayo sijamwambia mchungaji. Nilibaki dakika mbili zaidi, kwa sababu nilitaka kusikia tena. Akasema tena. Alikuwa analia, machozi yananiingia sikioni na yananitekenya, na mimi nimelala pale kama gogo nikifurahi. Sijapata kufurahi hivyo tangu nizaliwe.

Aliyeujua ujanja wangu ni Idella peke yake. Idella ndiye anayeeleza habari za jiko la Rais, na hajakubali hata siku moja kuvaa mwaka wao. Watu wa kwao walikuwa watumwa humo ndani, wakimilikiwa kama zile sahani, naye husimulia akiwa na suruali yake ya jinzi na anayeudhika na aondoke. Aliingia, akasimama juu yangu, nikaona viatu vyake kupitia kope. Akasema polepole, “Clement, sakafu hiyo baridi.” Akatoka.

Hospitalini hawakuona kitu, wakaandika nipimwe moyo Alhamisi ya tarehe ishirini na nne. Dabney alifukuzwa Jumatatu. Jumanne alikuja kwangu na supu ya kuku, na Jumatano, na kila siku iliyofuata. Hataji alichosema pale sakafuni. Anadhani sikusikia. Anakaa kitini, ananitazama nikila, ananiambia nisinyanyue ndoo ya maua. Bi Thornhill naye akapiga simu kuniuliza hali, kisha, kwa aibu kidogo, akasema aproni haina mtu, na kwa miaka yangu kumi na tisa wangeweza kusahau lile shuka.

Nikasema nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwisha toa zile soksi kabatini.

Ijumaa Idella akaja na pai ya viazi vitamu. Nikanyoosha mikono. Akaiweka magotini kwake.

“Hii ni ya mgonjwa,” akasema. “Nikimpata nitampa.”

Tukakaa. Nikamwambia Dabney alistahili alichokipata. Akasema huenda, yeye hakuja kwa habari za Dabney. Kisha akaniuliza nitamwambia mimi au atamwambia yeye, akanipa hadi Jumatano, akaondoka na pai yake yote.

Nilimwambia jana, siku moja kabla ya muda wa Idella kwisha. Ilikuwa saa ya supu. Nilikuwa kitandani, nimekula nusu. Nilimwambia habari za godoro, za mbwa, za kengele. Alikuwa ameshika kofia yangu, nadhani alitaka kuitundika. Mwisho akauliza kitu kimoja.

“Ulinisikia?”

“Mara zote mbili,” nikasema.

Akaitundika kofia. Akaja kitandani, akachukua bakuli na supu iliyobaki, akatoka nalo, akaenda zake. Mimi nikabaki na kijiko.

Kisha nikampigia Bi Thornhill nikamweleza na yeye, nikimwomba amrudishe Dabney, maana alichofanya angekifanya mtu yeyote mwenye moyo. Alisikiliza hadi mwisho. Amesema atalifikiria suala la Dabney. Kuhusu mimi hakuhitaji kufikiri: sitakanyaga tena kilima kile, hata kwa tiketi. Kwa hiyo nimefukuzwa mara mbili kutoka mwaka 1812, na kesho nitajiendesha mwenyewe kwenda kupimwa moyo ambao najua ni mzima, kwa sababu miadi nimeipata kwa uongo na siwezi kuighairi bila kuusimulia wote upya.

Leo asubuhi nimelikuta bakuli langu kwenye ngazi ya mlango. Limeoshwa, limekaushwa, limegeuzwa chini juu. Nimelitazama muda mrefu, nikiwa na kahawa yangu na aibu yangu. Sijui kama amenisamehe au ananilipa deni ili tusijuane tena. Ingekuwa mimi, ningekuwa nalipa.

Nisalimie Emory huko chini ya paa, pamoja na Wyatt na mkewe Corinne, na mnong'oneze shangazi Maudie kwamba anaweza kuacha kuniombea kwa sauti. Maombi yake yamejibiwa kabla hajaanza. Malaika wa kwenye kadi nimemgeuza atazame ukutani hadi nitakapomstahili. Mungu awafunike ninyi nyote, na huko kwenu awapunguzie mvua.

Ni mimi binamu yako nikupendaye, mzima wa mwili,

Clement

Maua usiyajutie. Nusu nimempelekea Idella. Ameyapokea, akafunga mlango.