Mtu Mmoja wa Kujibu

Jumatatu, 5 Januari

Binti yangu Kayal amerudi kazini na boksi la ladu, vitamu vya pongezi. Mwenyewe hakuonja hata moja.

Kampuni yao inaangalia kompyuta za hospitali. Zikizima, wao ndio wa kuziamsha. Zamani kila mtu alikimbia tu, huyu anashika hiki, yule kile. Sasa Madam Vasugi, bosi wao, ameleta utaratibu mpya. Kila kazi ipangiwe nani anaifanya na nani anaijibia ikiharibika. Wa kufanya wanaweza kuwa wengi. Wa kujibu ni mmoja tu.

Kompyuta zikizima, wa kujibu ni Kayal wangu.

Nikauliza, na Sivanesan je? Sivanesan ndiye mkubwa pale, ndiye aliyemfundisha Kayal kazi, amekula hapa kwetu mara nyingi. Akasema Sivanesan ni wa kufanya. Kikaoni Madam aliuliza kama kuna mwenye neno. Sivanesan akatazama chai yake. Kayal naye kimya — mdogo atasema nini mbele ya wakubwa? Madam akaona wote wameridhika. Wakapiga makofi.

Nimeweka ladu moja mbele ya picha ya marehemu mume wangu. Sijui nimeshukuru au nimeomba.

Ijumaa, 9 Januari

Yametokea. Asubuhi kompyuta za hospitali zilizima, wagonjwa wamejaa mapokezi, hakuna anayeandikishwa. Kayal akamwendea Sivanesan mezani. Anna, akamwambia, ukipata nafasi naomba utazame. Anna, kaka mkubwa — hajawahi kumwita vingine. Sivanesan akasema sawa. Akamalizia alichokuwa akifanya. Akaenda kula. Mpaka adhuhuri wagonjwa bado wako kwenye mabenchi.

Madam hakumwita Sivanesan. Alimwita Kayal. Akamkumbusha kwamba bado yuko kwenye majaribio, mwisho wa mwezi mkataba wake unaangaliwa. Likitokea tena hivi, yeye Madam hatakuwa na la kumtetea.

Humu ndani tunaishi kwa mshahara huo. Mimi na magoti haya, nani ataniajiri?

Nikamwambia, mwanangu, si umwambie tu inuka ufanye, ndiyo kazi uliyopewa. Akanitazama.

"Amma, wewe ungemwambia hivyo kaka yake baba?"

Shemeji yule akiingia tu, mimi siketi mpaka aondoke. Nikaenda kuosha mchele.

Jumatatu, 12 Januari

Nimekutana na Sivanesan sokoni, ananunua miwa ya Pongal. Sikukuu hiyo ya mavuno ni Alhamisi. Akaniamkia vizuri, akanipokea kapu. Nikazunguka wee — watoto hawajambo, mama yako mguu unaendeleaje. Mwisho nikasema, mwangalie mdogo wako, kazi inamlemea.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Amma, miaka yote nilikuwa nakimbia bila kuambiwa. Sasa wamepanga mimi ni wa kufanya, yeye ndiye wa kusema. Basi aseme. Akiniambia fanya, nafanya papo hapo. Lakini hii ya ukipata nafasi, mimi nafasi sina."

Alisema kwa upole, huku anachagua muwa. Nikaona kidonda kilipo. Kapitwa na mtoto aliyemfundisha kwa mikono yake, mbele ya watu, na makofi juu. Sasa anangoja aamrishwe — na huyu wangu hawezi kumwamrisha. Wote wawili wana adabu zao! Na adabu hiyo ndiyo itakayotumaliza.

Kesho anasafiri kwao kijijini. Simu anayo, kompyuta yake ya mkononi anaichukua. Kutoka huko huko anaweza kufanya, akiambiwa.

Jioni nilimweleza Kayal. Akasimama mbele ya kioo kufanya mazoezi. Sivanesan, fanya sasa hivi. Alipofika kwenye jina tu, sauti ikakatika. Tukacheka. Halafu hatukucheka tena.

Jumatano, 14 Januari

Bhogi, mkesha wa Pongal, siku ya kuchoma vikuukuu. Tumechoma mkeka mkuukuu na ufagio uliokwisha meno. Kayal akasema laiti na vyeo vingechomwa. Hajala. Hospitali haina sikukuu, anasema.

Alhamisi, 15 Januari

Naandika hapa nje kando ya jiko, nalinda chungu. Maziwa yakifurika ni lazima tupige kelele za furaha pamoja, Pongalo Pongal, ndipo mwaka uwe na baraka. Nimemwita Kayal aje. Kavaa sari yangu ya kijani. Kapendeza, ila imempwaya. Amekonda.

Simu yake imelia. Nimejua kwa uso. Hospitali.

Sasa anampigia Sivanesan. Amepokea upesi. Sauti yake naisikia mpaka hapa, nyuma yake watoto wanashangilia — wenzetu chungu chao kimeshafurika.

"Sema, Kayal."

"Anna..."

Kanyamaza. Na yule kule kanyamaza. Anangoja. Hata kutakiana sikukuu njema hawajatakiana.

Nataka kumwambia sema mwanangu, mtaje kwa jina, mwamrishe, Mungu atakusamehe. Mdomo wangu nao haufunguki. Yule ni mkubwa wake.

Povu limefika ukingoni. Kayal bado ameshika simu, midomo wazi. Maziwa yanamwagikia motoni, na hapa hakuna aliyepiga kelele.