Mechi ya Tatu

Salma mjukuu wangu,

Huku nyumbani Chatsworth hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Unaniuliza kama niliwahi kuililia timu, maana timu yako ya hoki ya barafuni imetolewa mashindanoni huko Kanada.

Niliwahi. Kaka yangu Idi alicheza mpira wa magongo, nami nilifuata kila mechi ili nimsimulie baba yetu, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Fainali ilikuwa ya mechi tatu. Tulishinda moja, tukafungwa moja. Ya tatu tulifungwa pia, nikalia njia nzima. Lakini nilipomwona baba alivyodhoofika, nikasema, "Tumeshinda, Baba."

"Nani kafunga?"

"Idi."

Akacheka, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa wiki nyingi. Mara Idi akaingia, macho mekundu. Baba akamshika mkono. "Hongera, mwanangu."

Idi akanitazama, akaelewa. "Ahsante, Baba."

Kulipokucha, baba hakuamka.

Idi hakushika gongo tena, na mpaka siku tulipomzika yeye mwenyewe, hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Zamani niliamini nilimdanganya baba. Siku hizi nadhani aliyaona yale macho mekundu ya Idi, akampongeza hivyo hivyo.

Nakutaja katika kila swala.

Bibi yako,
Zuhura