Kitambaa Chekundu cha Mbuzi wa Akika

Zinga, Bagamoyo
4 Juni 1973

Mpendwa Mshauri wa gazeti, naomba msaada wako, nami naahidi kusema yote, hata lile ninaloona haya kuliandika.

Mimi ni msichana wa darasa la saba na naishi na bibi yangu, ambaye hajui kusoma, kwa hiyo mbuzi wetu alipougua kifua na bwana mifugo akamchoma penisilini, mimi ndiye niliyeandikiwa maagizo kwamba asiuzwe wala asichinjwe kabla ya siku kumi na nne, na bwana mifugo akamfunga mbuzi kitambaa chekundu shingoni kiwe alama. Siku ya tano mbuzi alikuwa akirukaruka, na jirani yetu Bi Mwanamkasi akaja kutafuta mbuzi wa akika, maana bintiye Fatu alikuwa amejifungua na siku ya saba haingoji, na bibi alikuwa shamba. Nilijua mbuzi wa akika hatakiwi kuwa na ila, na kile kitambaa kingeulizwa, basi nikakifungua nikakificha. Bi Mwanamkasi akamtazama meno, akasema, "Huyu mzima kuliko bwana harusi." Nikacheka naye, nikamwuzia.

Fatu alikula nyama ile, na kabla ya Alasiri uso ukamvimba na mwili ukamtoka mabaka. Kesho yake alipata nafuu, lakini watu wakasema ni jicho la Bi Chausiku aliyepika, kwa kuwa yeye hakujaliwa mtoto, na tangu hapo haitwi kupika popote. Juzi kisimani nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia, "Umebaki wewe tu, mjukuu wangu, unayeniamkia kama zamani." Nilishindwa kujitwika ndoo.

Bibi hajui lolote kuhusu zile siku kumi na nne, na Fatu sasa ana jipu la titi, lisipopasuka watampeleka hospitali akapigwe sindano, na mimi sina raha hata nikisali. Nimwombe radhi nani kwanza, bibi yangu au Bi Chausiku? Tafadhali nijibu kwa posta inayorudi.

B.

*

Mwanangu B.,

Si bibi yako, wala si Bi Chausiku. Nenda kwa Fatu.

Sindano hiyo huenda ikawa ya dawa ileile iliyokuwa ndani ya nyama. Ikiwa mwili wake ndio unaoikataa, kidogo tu kilimvimbisha uso. Sindano nzima yaweza kumwua. Mweleze mbele ya mama yake, naye amweleze daktari kabla ya kuchomwa chochote.

Ulipewa siku kumi na nne kwa sababu unajua kuhesabu, ukaishia tano. Zile siku hazikuwa za kumponya mbuzi, zilikuwa za kuwalinda walaji. Hilo nakulaumu.

Kisha mwambie bibi yako, akushike mkono mwende kwa wanawake waliokula akika ile. Usimnong'oneze Bi Chausiku kisimani. Alichafuliwa mbele za watu, asafishwe mbele za watu. Kitambaa uende nacho. Utaona haya, tena sana, lakini mtoto aliyeshindwa kujitwika ndoo kwa huruma hajaharibika.

Jibu hili nimelitia posta leo, kabla ya kulipeleka gazetini. Likikufika, usilirudie kulisoma. Vaa kanga yako utoke.