Mjomba Aliniombea Kazi Kama Anayeposa

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie upesi kwani Jumatatu naitwa kwa meneja wa hoteli, mimi ni kijana wa Masanze, nilisoma shule ya bweni ya misheni na pale nilimsaidia mpishi, hata alipougua nikawapikia wanafunzi wote peke yangu, sasa niliposikia hoteli moja ya Mikumi inatafuta msaidizi wa jikoni nikamweleza Mjomba Hezekia aliyenilea, akasema kijana hajisemei, tukaenda wote, na meneja aliponiuliza najua nini, Mjomba, ambaye ni balozi wa nyumba kumi na hotuba anazipenda kuliko chakula, akasimama: "Ndugu Meneja, ukoo wetu hauna mchawi wala mwizi, na kijana huyu hajawahi kumjibu mkubwa," akaendelea mpaka shamba la ujamaa akalieleza, nami nimeinamisha macho kwa adabu, hadi meneja akacheka, "Sasa mzee, nikuajiri wewe?" Tukarudi mikono mitupu. Waliyemchukua ameacha kazi, tumeitwa tena tuliokosa, na Mjomba anasema tutaondoka pamoja alfajiri. Nikimkatalia nitakuwa sina shukrani, nikienda naye nitaikosa kazi ninayoitaka sana. Nifanyeje?

Kornelio, Masanze

Marahaba, Kornelio mwanangu. Nimecheka mpaka nikamwaga chai, unisamehe. Mjomba anakupenda, hilo halina ubishi, ila yeye alikwenda kuposa, na meneja haozi binti! Ukoo usio na mchawi utamsaidia nini wageni wakigonga meza wanataka supu? Shida yake ni moto, sufuria na watu wenye njaa, na anamtafuta wa kumpunguzia shida hiyo. Wewe umelisha bweni zima, ukaniambia mimi nisiye na hoteli, yeye ukamficha! Adabu gani hiyo? Mkubwa akikuuliza, kumjibu si kujisifu. Kunyamaza ndiko kukosa adabu.

Leo jioni mwambie, "Mjomba, nifundishe, wewe uwe meneja." Atafurahi, maana kuuliza maswali ndiyo kazi ya balozi. Mjibu habari za bwenini ukimtazama usoni, mpaka sauti iache kutetemeka. Jumatatu akusindikize hadi barabarani, akubariki, arudi shambani. Ingia peke yako, toa shikamoo, sema unachojua kupika, kisha uliza jikoni kwao wanakwama wapi. Na usithubutu kusema "kazi yoyote tu, mzee," kwani anayetaka yoyote hupewa ya kungoja.

Ukishaajiriwa, najua hutakawia kutaka mke. Siku hiyo mtangulize Mjomba, aseme mpaka koo limkauke, na wewe ndipo unyamaze.