Bunduki Haikuwa na Kosa

Dauphin, Manitoba
Tarehe 9 Oktoba

Mdogo wangu Orest,

Pokea salamu zangu na za mama. Natumaini u mzima huko Thunder Bay, wewe, Lesia na binti zenu. Sisi hatujambo. Juzi mama alikunja pirohi mia mbili, zile za unga zinazojazwa viazi na kuchemshwa, kwa ajili ya kanisa, huku redio ikiunguruma mpaka jirani akaja kulalamika.

Jumatatu nilikwenda Winnipeg kupimwa sikio la kushoto. Nimechoka kuitikia nisiyoyasikia. Mpimaji, Bi Fehr, alinifungia katika chumba kisichoingia sauti, nikawa nabonyeza kitufe kila nikisikia mlio. Kushoto nilibonyeza mara chache. Nikamwambia asijisumbue, ni bunduki ya mdogo wangu, alifyatua karibu na kichwa changu tukiwinda bata bukini, miaka ishirini na sita sasa.

Akanijibu, "Hayo umesema wewe, mama. Ngoja na sikio liseme."

Akalijaza sikio la kulia mvumo lisije likasaidia, kisha akabandika kidude kinachotetemeka kwenye mfupa nyuma ya lile la kushoto. Nikasikia, Orest. Milio midogo kabisa, safi. Akanieleza kwamba mshindo wa bunduki huumiza sikio la ndani, na la kwangu la ndani ni zima. Kuna kimfupa kidogo kuliko punje ya mchele kilichoganda, hakipitishi sauti. Daktari wa masikio niliyepelekwa kwake baadaye naye akasema ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Mama hana budi kupimwa, nawe pia, na binti zako.

Sasa lile zito. Kiangazi kile, kabla ya siku ya bukini, nilikuwa nimeshahamishia simu sikio la kulia. Nilijua la kushoto limeshaanza kuziba. Ulipolia pale shambani ukiniomba radhi, nilinyamaza. Baadaye nikaona kunyamaza kunanifaa, maana ulinipisha katika kila jambo. Uligawa bunduki yako, hukuwinda tena na baba mpaka akafa, nami nikatazama tu.

Upasuaji ni tarehe 24. Watatoa kimfupa hicho na kuweka cha kutengenezwa. Daktari ameonya kwamba naweza kupoteza hata kidogo kilichobaki. Nimetia sahihi.

Jana nilimwambia mama yote. Ilinibidi nirudie mara mbili. Akaacha kula, akasema, "Mwandikie kabla hawajakukata, usije ukasingizia kwamba dawa ya usingizi ndiyo iliyokusemesha."

Basi nimeandika. Ukinijibu kwa hasira, nitasoma mpaka mwisho. Wabusu watoto.

Ni mimi dada yako,
Darka