Mdudu wa umeme kabatini mwa mwalimu wa nidhamu

Sikia, natangaza rasmi: mimi ni mhandisi. Mhandisi aliyerudishwa nyumbani leo kumleta baba.

Kuna mdudu wa umeme niliyemuunda, wa kupiga kelele gizani; nilimficha kabatini mwa mwalimu wa nidhamu. Kabati likafungwa, giza totoro, mdudu kimya. Nikamtoa, nikapima betri, nzima. Nikamtia mfukoni.

Mara mwalimu akatuita wa bweni letu ofisini, kamshika jirani yangu wa kitanda. "Ofisi hii unafagia wewe. Kabati langu kalichokonoa nani? Funga mizigo, urudi kwenu."

Jamaa analia. Mimi najifanya mtakatifu, natoa leso nimpanguse. Mdudu akatoka nayo.

Akalia. Mchana kweupe, akalia.

Kumbe nilichomelea kihisi cha mwanga kinyume.

"Nini hicho?"

"Ni mimi, mwalimu. Huyu hata bisibisi hana."